Eliya Chini ya Mti: Tupime Yale Tunayosema Juu ya Ugonjwa wa Akili

Somo la kujifunza katika familia na vikundi vya maombi
Masomo ya kusoma kwanza: 1 Wafalme 19:1-18, Ayubu 2:11-13, Isaya 38:1-21



Mwezi huu tunajifunza jambo ambalo watu wanalizungumza nyumbani, kisimani na kwenye foleni ya posho, lakini kanisani tunalikwepa. Ni habari ya ugonjwa wa akili, na ya wale washauri wanaokuja kutuambia tukae nao tuzungumze. Kila mtu ana maoni yake. Wengine wanasema ni mapepo. Wengine wanasema ni mambo ya Wazungu. Wengine wanasema sisi wakimbizi wote tumeharibika akili. Maoni hayo si maneno matupu tu: ndiyo yanayoamua kama mgonjwa atapelekwa hospitali, atafungwa kamba nyuma ya nyumba, au ataachwa peke yake mpaka iwe kuchelewa.

Somo hili litachukua semi sita zinazosikika sana kati yetu na kuzipima moja moja. Katika kila usemi tutatafuta pale penye ukweli, maana watu hawasemi bure. Kisha tutatazama pale unapoua.

TUANZE NA ELIYA

Mkisoma 1 Wafalme 19 mtamwona mkimbizi. Malkia Yezebeli ameapa kumwua. Eliya anakimbia, anavuka mpaka na kufika Beer-sheba katika Yuda. Huko anamwacha mtumishi wake, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Huyu si mtu asiye na imani. Sura moja tu nyuma aliita moto ukashuka kutoka mbinguni.

Angalieni Mungu alivyomtendea. Hakumkemea. Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Akalala tena, akalishwa tena. Baadaye, mlimani Horebu, Mungu akamuuliza anafanya nini pale, akamwacha aseme shida yake yote. Akamuuliza mara ya pili, Eliya akarudia maneno yaleyale, na Mungu akayasikiliza tena. Mwisho akampa kazi ya kufanya na mtu wa kuwa naye, ndiye Elisha.

Usingizi, chakula, kusikilizwa, kazi, mwenzi. Shikeni mambo hayo matano, tutayarudia.

USEMI WA KWANZA: "Mkristo wa kweli hawezi kuugua akili"

Ukweli uliomo: imani inategemeza. Wengi wetu tumevuka Mpondwe tukiwa na watoto mgongoni na hatuna kitu mkononi, na kilichotushika ni sala. Hakuna anayeweza kutunyang'anya hilo.

Lakini usemi huu unamfanya mgonjwa abebe mizigo miwili, ugonjwa na aibu. Anaficha. Anaimba kwaya Jumapili, na Jumatatu hawezi kuamka kitandani. Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 1:8, anakiri kwamba huko Asia walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na bado imo katika Biblia. Bwana wetu kule Gethsemane aliwaambia rafiki zake kwamba roho yake ina huzuni nyingi, akawaomba wakeshe pamoja naye. Kama Bwana aliwaomba wenzake wakae naye, sisi ni nani hata tuone aibu kuomba?

USEMI WA PILI: "Hayo ni mapepo, au amerogwa. Hospitali haiwezi"

Hapa twende polepole. Biblia inasema mapepo yapo, na sisi hatukatai. Lakini Biblia hiyohiyo haisemi kwamba kila ugonjwa ni pepo. Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza kila mmoja kwa jina lake. Mfalme Hezekia alipougua alisali na kulia, na Mungu akamjibu. Kisha nabii Isaya akaagiza waweke andazi la tini juu ya jipu lake. Sala na dawa zilikwenda pamoja, na dawa iliagizwa na nabii.

Tuangalie matokeo ya usemi huu. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii anapelekwa kwenye maombi ya siku nyingi. Anafungishwa asile, anafungwa mikono, pengine anapigwa ili pepo litoke. Mwili ulio mgonjwa ukinyimwa chakula na usingizi, akili huzidi kuharibika. Malaika alimlisha Eliya, hakumfungisha. Mwenye kifafa naye anaweza kuanguka motoni akiungua kwa sababu ya ugonjwa unaotulizwa na vidonge vya kila siku vinavyojulikana miaka mingi.

Kwa hiyo tufuate kanuni hii: mwombee, na umpeleke. Hakuna mchungaji anayepoteza upako kwa kumsindikiza mgonjwa kliniki. Na hakuna maombi yanayohitaji kamba, fimbo au njaa ya mgonjwa.

USEMI WA TATU: "Kuzungumza hakujazi sufuria. Hayo ni mambo ya Wazungu"

Usemi huu una ukweli mwingi kuliko wote. Mtu asiye na chakula, asiye na karatasi, ambaye turubai lake linavuja, hawezi kuponywa kwa maneno matupu. Familia za Bulembia zilizopoteza nyumba Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020 zinajua jambo hilo. Mama ambaye bustani yake imekuwa mawe matupu ana haki ya kumuuliza mshauri, "Baada ya kuzungumza, watoto watakula nini?" Mungu naye alimpa Eliya mkate kabla ya kumuuliza neno lolote. Anayekuja kutusaidia akipuuza njaa yetu, amekosea mpango.

Lakini kusema kwamba huzuni hii ni ugonjwa wa Wazungu si kweli. Watafiti walipokwenda vijiji vya Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, waliwauliza wenyeji wenyewe. Wakakuta kwamba Waganda tayari walikuwa na majina yao: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Wazee walijua dalili zake kabla hospitali haijazijua. Mwaka 2002 vikundi vilikutana huko mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, vikiongozwa na watu wa hapohapo waliofundishwa kazi hiyo. Hawakugawiwa dawa za huzuni. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha, wakasaidiana kutafuta njia. Matokeo yalitolewa mwaka 2003. Katika vijiji vilivyopata vikundi, waliobaki na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, walikuwa karibu 7 katika kila 100. Katika vijiji visivyopata walikuwa karibu 55.

Kwetu Kongo pia limefanyika jambo la namna hiyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 uliwahusu wanawake wa vijiji vya Kivu waliotendewa jeuri ya kingono. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake Wakongomani waliosoma sekondari miaka michache na kufundishwa. Miezi sita baada ya vikundi kumalizika, waliokuwa bado na dalili nzito za huzuni au hofu walikuwa 9 katika 100. Kati ya wale waliopata msaada wa kawaida tu, mmoja mmoja, walikuwa 42. Na hapa Uganda, katika makazi ya Nakivale, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwahudumia wakimbizi wenzao Wanyarwanda na Wasomali. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba wengi wa waliohudumiwa waliachwa na ndoto mbaya na hofu zilizowasumbua kwa miaka.

Basi kuzungumza hakujazi sufuria, ni kweli. Lakini mama aliyeinuka kitandani anaweza kushika jembe na kuijaza.

USEMI WA NNE: "Sisi wakimbizi wote tumeharibika akili"

Huu mara nyingi hauanzi kwetu. Unaletwa na watu wa semina, kisha na sisi tunaurudia. Ukweli uliomo: tumeona mengi. Wengine walikimbia mauaji ya Beni yaliyoanza Oktoba 2014. Wenyeji wa Kasese waliona Novemba 2016, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa kwa siku mbili. Bwera na Mpondwe walilia Juni 2023, shule ya Lhubiriha iliposhambuliwa usiku na watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi.

Hata hivyo kuota ndoto mbaya, kulia, kushtuka kwa kila sauti na kukosa usingizi wiki za kwanza baada ya msiba si wazimu. Ni jinsi mwili na moyo vilivyoumbwa. Kwa wengi hupungua wenyewe wanapopata usalama, ndugu na shughuli. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika nchi zilizopigwa na vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana ugonjwa fulani wa akili, mdogo au mkubwa. Huyo mmoja ni wengi sana, na lazima tumtafute. Lakini wale wanne nao wapo. Tukiwaambia watoto wetu kila siku kwamba wameharibika, tunawanyang'anya nguvu Mungu aliyowaachia.

Hapa pia tuwatetee wale wanaokataa kulazimishwa kusimulia. Wapo watu wanaofika siku ya pili baada ya msiba na kumwambia kila mtu aeleze yote aliyoyaona. Mwenye msiba akikataa, wanamwita mgumu. Siku hizi Shirika la Afya Ulimwenguni lenyewe halishauri kuwalazimisha watu hivyo mara tu baada ya tukio. Mwongozo uliotolewa mwaka 2011 kwa ajili ya huduma ya kwanza kwa wenye msiba unataja mambo matatu tu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini na anahitaji nini. Sikiliza anayetaka kusema, bila kumchokonoa. Muunganishe na ndugu zake, chakula na wahudumu.

Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipoketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua kinywa na kumtafutia kosa.

USEMI WA TANO: "Mwanaume halii. Mambo ya nyumbani hayatoki nje"

Baba aliyekuwa na ng'ombe, duka au mashamba, leo anasimama kwenye foleni ya posho. Watoto wanajifunza lugha ya hapa haraka kuliko yeye. Halii, sawa, lakini huzuni yake hutafuta njia nyingine: waragi, ngumi kwa mkewe, kukaa kimya kwa majuma. Tunasema "amebadilika tabia". Pengine ni mgonjwa. Ugonjwa haumpi ruhusa ya kumpiga mtu, na mama anayepigwa asiambiwe avumilie kwa sababu mumewe anaumwa. Alindwe kwanza. Lakini baba naye atafutwe. Wazee wa kanisa wamwendee shambani, wafanye naye kazi, na mazungumzo yatakuja jembe likiwa mkononi.

Ukweli uliomo katika usemi huu ni kwamba watu wanaogopa kusengenywa, na wana sababu. Makazini nyumba ziko karibu na siri haikai. Kanisa lijihoji hapa. Mtu akikueleza shida yake faraghani, usiitaje kwenye maombi ya hadhara, hata kwa nia njema, hata kwa kusema "kuna dada mmoja" wakati kila mtu anajua ni nani. Siri ivunjwe pale tu uhai wa mtu ulipo hatarini, na hata hapo umwambie yule anayeweza kusaidia, si kikundi chote.

USEMI WA SITA: "Dawa za akili humfanya mtu mjinga, na ukianza huachi"

Ukweli uliomo: baadhi ya dawa hizi zinaleta usingizi, kinywa kikavu, kunenepa, mikono kutetemeka au mwili kukaza. Mgonjwa hadanganyi akilalamika. Lakini dawa na kipimo vinaweza kubadilishwa. Rudi kwa mhudumu umweleze, usizitupe nyuma ya nyumba.

Mengine mjue hivi. Dawa za sonona huchukua majuma mawili mpaka manne kabla ya kuonekana zinafanya kazi, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tano. Ukipata nafuu usiache ghafula, maana ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Si kila mgonjwa atakunywa maisha yake yote: wengine ni miezi, wengine ni miaka, kama vile watu wa sukari na presha. Na si kila mwenye huzuni anahitaji dawa. Wengi hutosheka na kikundi, mazungumzo na kazi. Mwenye kusikia sauti, mwenye kifafa, au aliyezidiwa kabisa ndiye asicheleweshwe.

USIPUUZE DALILI HIZI

Mtu akionyesha moja ya dalili hizi, usingoje ibada ya Jumapili:

- anasema afadhali afe, anaaga watu, au anagawa vitu vyake;
- siku kadhaa halali au hali kabisa;
- anasikia au kuona vitu visivyokuwepo, au anadhani kila mtu anataka kumwua;
- mama aliyejifungua karibuni anamkataa mtoto, au anasema atamdhuru;
- kijana aliyekuwa mchangamfu anajifungia, anaacha shule na rafiki.

Wengine wanasema ukimuuliza mtu kuhusu kujiua unamfundisha. Si hivyo. Ukimuuliza kwa upole, "Je, umefika mahali pa kutaka kufa?" mara nyingi anapumua, kwa sababu mtu amemwona. Akikubali, usimhubirie kuhusu dhambi saa hiyo. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani dawa ya kupulizia mimea, kamba na visu. Mtafute ndugu mmoja anayemwamini mlale naye zamu. Kukipambazuka, au usiku uleule kama hali ni mbaya, mpelekeni.

Mtampeleka wapi? Anzeni na VHT wa kijiji au kituo cha afya kilicho karibu. Walio upande wa Bwera waulize katika Hospitali ya Bwera. Hospitali ya Rufaa ya Fort Portal ina kitengo cha wagonjwa wa akili, na juu yake kuna Butabika kule Kampala. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 iliondoa ile ya zamani ya mwaka 1964, na inataka huduma hii ipatikane mpaka vituo vya afya vya chini. Mkiambiwa dawa zimekwisha, ulizeni zitafika lini na wapi pengine zipo. Kikundi kichange nauli ya bodaboda. Hiyo nayo ni sadaka.

TUFANYE NINI KAMA KANISA

Turudi kwa Eliya na yale mambo matano. Usingizi: nani atamshikia mama watoto ili alale mchana mmoja? Chakula: nani atapeleka uji kwa asiyeweza kupika? Kusikilizwa: nani katika kikundi chetu anajua kusikia bila kukatiza wala kutangaza? Kazi: ni kazi gani ndogo tunaweza kumpa anayepona, ili asikae kama mgeni? Mwenzi: nani atakuwa Elisha wake, amtembelee kila wiki hata akirudia maneno yaleyale?

Mambo hayo yote hayahitaji mradi wala gari lenye bendera, na familia iliyokimbia inaweza kuyafanya kwa familia nyingine iliyokimbia. Pale yanapozidi uwezo wetu, tumpeleke mgonjwa kwa wenye ujuzi, kama Msamaria alivyomfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake na kumfikisha kwenye nyumba ya wageni. Wala hakuishia hapo: alilipa gharama na kuahidi kurudi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kati ya semi hizi sita, ni upi unasikika zaidi katika eneo lenu? Umewahi kumzuia mtu asipate msaada?
2. Kwa nini Mungu alimlisha Eliya kabla ya kumuuliza swali?
3. Katika kikundi chetu, mtu anaweza kusema shida yake bila kuogopa kusengenywa? Kama hawezi, tubadilishe nini?
4. Wanaume wakutane mahali gani ili wazungumze kwa uhuru?
5. Nani kati yetu anajua njia ya kufika kliniki, siku inayofunguliwa na nauli yake? Aandike, kila nyumba ipate.

SALA

Baba, uliyemwona Eliya chini ya mti na hukumwacha, waone na hawa wetu ambao usiku wao ni mrefu. Utupe masikio ya kusikia na vinywa vinavyotunza siri. Wabariki waganga, wauguzi na wote wanaoketi na wagonjwa. Utuondolee hofu ya kuomba msaada, na mtu yeyote kati yetu asiachwe peke yake jangwani. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.